Nairobi hadi New York: ramani inasema saa 13, tiketi saa 15, vidole vinasema 7

Swali: Mama anaishi Limuru, ana miaka 68, na presha yake inadhibitiwa kwa dawa. Januari anakwenda New York kumwona dada yangu aliyejifungua, na atarudi mwisho wa Februari. Ndege pekee aliyowahi kupanda ni ya Mombasa. Nimetafuta umbali kwenye simu nikapata km 11,840, na papo hapo nikaambiwa safari ni saa 13. Tiketi ya moja kwa moja inasema saa 15 kwenda na saa 13 na dakika 40 kurudi. Nikihesabu kwa vidole kutoka saa ya kuondoka hadi ya kufika, 23:55 hadi 06:55, napata saa 7 tu. Kurudi, 12:30 hadi 10:10 ya kesho yake, napata karibu saa 22. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Wakala naye ananisukuma ninunue tiketi ya kupitia Doha, nafuu kwa shilingi 35,000, eti mama atapumzika katikati. Nani mkweli hapa, na mama apande ipi?

Jibu: Wote wamekwambia kweli isipokuwa rafiki yako, na wakala amekwambia nusu yake. Namba ulizokusanya hazipingani. Kila moja inapima kitu chake, nawe umezipanga kana kwamba zinajibu swali moja. Kazi yangu imekuwa kupanga njia na mafuta ya ndege za masafa marefu hapa Embakasi, na watu wanaopeleka wazazi ng'ambo huja na mkanganyiko huuhuu. Nitaufungua kidogokidogo, kisha tufike kwa mama, maana naona ndiye unayemwazia, si kilomita.

Tuanze na zile saa 7 kwa kuwa ndizo rahisi. Saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ambao ndege iko wakati huo. Ile 23:55 ni saa ya Nairobi, saa sita kasoro dakika tano usiku. Ile 06:55 ni saa ya New York, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Mama akiondoka Ijumaa usiku, wakati anatua kule asubuhi, saa ya ukutani nyumbani kwako itakuwa tisa kasoro dakika tano alasiri ya Jumamosi. Kutoka 23:55 hadi 14:55 ni saa 15 kamili. Kurudi ni kinyume chake: anaondoka 12:30 mchana wa kule, huku ikiwa tayari saa mbili unusu usiku, na anatua saa nne na dakika kumi asubuhi. Hesabu tena, utapata saa 13 na dakika 40.

Kuna hila ndogo ya kuhakiki tiketi yoyote ya kwenda na kurudi. Jumlisha hesabu zako mbili za vidole: saa 7, na saa 21 na dakika 40. Unapata saa 28 na dakika 40. Sasa jumlisha zilizoandikwa kwenye tiketi: 15, na 13 na dakika 40. Jumla ni ileile. Anachopunguziwa msafiri wakati wa kwenda hudaiwa wakati wa kurudi. Jumla zikikataa kulingana kwa saa moja, ujue katikati ya safari mbili Wamarekani wamegusa saa zao. Huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na sisi hatushughuliki. Kwa hiyo mama akishikwa na mjukuu hadi Aprili, tofauti itakuwa saa 7.

Sasa hizo saa 13 za simu. Umbali wa km 11,840 ni sahihi: ndio umbali mfupi kuliko wote juu ya uso wa dunia kati ya JKIA, uwanja wetu wa hapa Embakasi, na JFK, uwanja wa New York. Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8, ile iitwayo Dreamliner, na ndege hiyo ikiwa juu hukata takriban km 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache. Simu yako imefanya hesabu ya shule ya msingi na kukuletea jibu. Ndani yake hamna foleni ya kusubiri kuruka, hamna kupanda wala kushuka, hamna upepo, na hamna nchi iliyofunga anga lake. Tiketi inahesabu vitu hivyo vyote. Inaanza pale ndege inaposukumwa kurudi nyuma kutoka langoni Embakasi na kuishia inapoegeshwa langoni kule, pamoja na dakika za akiba ambazo kampuni huweka ili isionekane imechelewa kila siku.

Hapo pa anga pana mambo mengi. Ukitazama ramani ya ukutani utadhani ndege itaelekea magharibi: Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso, Mauritania, kisha baharini. Ingefika, ila ingetembea km 350 hivi za bure, karibu nusu saa. Kama shuleni kwenu kuna tufe la dunia, bana uzi Nairobi kwa kidole uuvute ukaze hadi New York. Uzi utatoka Embakasi kuelekea kaskazini magharibi, upite karibu na Nakuru, ukate kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, kona ya Darfur, Chad na Niger, uvuke jangwa la Algeria na kutokea Morocco si mbali na Marrakech. Baharini utapita juu ya visiwa vya Azores. Ajabu ni kwamba utaendelea kupanda kaskazini hadi kuupita usawa wa New York yenyewe, kisha ndio uushukie mji. Mama akiona kwenye skrini ya kiti chake kwamba ndege inaelekea Sahara asifikiri wamepotea. Mwambie mapema. Watu wazima hukaa kimya na wasiwasi wao muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Lakini uzi haujui siasa. Tangu vita vianze Sudan mwezi Aprili 2023, ndege za abiria zimekuwa zikilikwepa anga lake. Libya imekwepwa kwa miaka mingi zaidi. Niger ilifunga anga lake tarehe 6 Agosti 2023 baada ya mapinduzi, ikalifungua tena tarehe 4 Septemba, na katika wiki hizo ndege nyingi kati ya Afrika na Ulaya zililazimika kuzunguka. Ndiyo maana safari ileile kwa ndege ileile inaweza kutofautiana kwa nusu saa kutoka wiki moja hadi nyingine bila mtu yeyote kufanya kosa.

Nije kwa rafiki yako. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa karibu na ikweta ardhi inakwenda kwa takriban km 1,670 kwa saa. Kama ingekuwa inateleza chini ya ndege, New York ingekuwa inakuja mbio kumpokea mama, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi, tena fupi mno. Tiketi yako inaonyesha kinyume. Hewa huzunguka pamoja na dunia na ndege imo ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo kuzunguka kwenyewe hakumwongezei rubani wala kumpunguzia kitu.

Kinachofanya kazi ni upepo. Juu, kwenye km 9 hadi 12 ambako ndege hizi husafiri, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Hutokana na tofauti ya joto kati ya kwetu kwenye ikweta na kule kwenye baridi ya ncha ya dunia: hewa ya moto husukuma kuelekea kaskazini, na kuzunguka kwa dunia huipindisha ielekee mashariki. Hapo tu ndipo rafiki yako ana chembe ya ukweli. Wakati wa baridi ya kaskazini tofauti hiyo ya joto huongezeka na mikondo hupata nguvu, mara nyingi km 150 hadi 200 kwa saa, na siku nyingine zaidi ya hapo. Mwezi Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ikipita Atlantiki, ndege moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hupita saa 6. Upepo ulikuwa mgongoni. Siku hiyohiyo waliokuwa wakienda upande wa pili walikuwa wanaula usoni.

Mama anasafiri Januari, msimu ambao mikondo hiyo ina nguvu. Mmoja hupita juu ya Sahara na mwingine juu ya Atlantiki, kwa hiyo robo ya kwanza ya safari, hadi Chad, ni tulivu, na ushuru wa upepo hulipwa baadaye. Chukulia wastani wa safari nzima ni km 50 kwa saa usoni. Kasi inashuka hadi 850, na zile saa 13 na dakika 9 zinakuwa saa 13 na dakika 56. Upepo uleule ukiwa mgongoni, kasi inakuwa 950 na muda ni saa 12 na dakika 28. Angalia vizuri: usoni umepoteza dakika 47, mgongoni umepata 41 tu. Upepo hautoi sawa na unavyochukua, kwa kuwa unaposafiri polepole unakaa ndani yake muda mrefu zaidi. Ongeza dakika za ardhini, za kupanda na kushuka, na za kukwepa anga zilizofungwa, utaziona saa 15 za kwenda na 13 na dakika 40 za kurudi zinakuja zenyewe.

Embakasi nayo ina shida yake ambayo JFK haina. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini zinasukuma kwa nguvu pungufu na mabawa yanainua kidogo, wakati huohuo ndege imebeba mafuta ya kuvuka nusu ya dunia dhidi ya upepo. Njia ya kurukia ya km 4.1 inasaidia. Baridi ya usiku inasaidia pia, kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko ya mchana wa jua. Kwa hiyo usiudhike kwamba mama anaondoka usiku wa manane. Kwetu sisi wa mafuta na uzito, ni saa nzuri.

Sasa Doha. Wakala hakudanganya kuhusu bei, ila tazama anachokiita kupumzika. Nairobi hadi Doha ni km 3,350 hivi. Doha hadi New York ni km 10,770. Yaani baada ya saa 5 za kwanza na kusubiri uwanjani, mama atakaa kwenye kiti tena kwa saa 14 au zaidi, karibu sawa na safari ya moja kwa moja. Hujamkatia ile safari ndefu, umemwongezea nyingine mbele yake, na jumla ya njia imekuwa km 14,120. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye begi moja la mgongoni ningesema shika hizo 35,000. Kwa mama yako, hapana.

Kama kweli unataka apumzike katikati, tazama London. Watu wengi hudhani kupitia Ulaya ni kuzunguka sana. Nairobi hadi London ni km 6,840, London hadi New York ni km 5,540, jumla km 12,380. Umeongeza km 540 tu, na safari imegawanyika karibu katikati: takriban saa 9, kisha kama 8. Kwa mtu ambaye daktari amekataza asikae saa 14 mfululizo, hiyo ndiyo njia yenye maana. Gharama yake ni kwamba lazima avuke uwanja mkubwa, aanze upya ukaguzi wa mizigo ya mkononi, na pasipoti ya Kenya ina masharti yake ya kupita Uingereza hata kama hatoki nje ya uwanja. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo yathibitishe na kampuni ya ndege kabla ya kulipa, usiyachukue kwa jirani.

Mimi ningempandisha ya moja kwa moja. Hajazoea viwanja, anasafiri peke yake, na kila mahali pa kubadilisha ndege ni mahali pa kuchelewa, kupotea, au kutenganishwa na sanduku. Ukiona lazima apitie mji mwingine, safari zote mbili ziwe kwenye tiketi moja. Tiketi mbili za kuunganisha mwenyewe zina bei tamu, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina habari na mama. Na omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, hata kama anapanda milima ya Limuru kila siku. Hakilipiwi, na pale JFK kinamwepusha na kusimama kwenye foleni ya uhamiaji baada ya saa 15 hewani. Wazazi wetu hukataa kwa kuona aibu. Mwambie kinakuja na mtu anayejua njia.

Kuhusu presha na hewa ya ndani ya ndege, nina habari njema ambayo wengi hawaijui. Ndani ya Dreamliner hewa hushindiliwa iwe sawa na ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Limuru iko juu ya mita 2,000. Mama anapumua hewa nyepesi zaidi jikoni kwake kuliko atakayoipumua juu ya Algeria. Ndege nyingi za aina nyingine hufikia usawa wa mita 2,400, nayo ni sababu nyingine ya kumuuliza wakala aina ya ndege, si bei pekee.

Hatari halisi iko miguuni. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya zaidi ya saa 4 ya kukaa bila kusogea huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa watu wenye afya unabaki mdogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Achague kiti cha kando ya njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, azungushe vifundo vya miguu akiwa amekaa, anywe maji, na asimeze vidonge vya usingizi vitakavyomlaza saa 8 amejikunja.

Lakini mimi ni mtu wa njia na mafuta, si daktari, na hapa nakutuma kwake kabla hujalipa tiketi. Mpeleke mama kliniki yake wiki kadhaa kabla ya safari. Muulizeni daktari kama presha imetulia kiasi cha kuruka, kama anahitaji soksi za kubana, na dawa anywe saa ngapi, kwa maana kidonge cha saa mbili usiku Limuru ni cha saa sita mchana New York. Aandikiwe kwenye karatasi, na dawa zote ziende kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Kama amewahi kuganda damu, ana ugonjwa wa moyo, au amefanyiwa upasuaji karibuni, usinunue chochote hadi daktari aseme. Na baada ya safari, hata wiki mbili tatu zikipita, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi, au kifua kikimuuma, dada yako ampeleke hospitali saa hiyohiyo. Asingoje kukupigia simu kwanza.

La mwisho ni tarehe. Ndege ya 23:55 ikibadilishiwa ratiba na kuwa 00:20, hiyo ni saa sita na dakika ishirini usiku, na tarehe kwenye tiketi inaruka siku moja mbele. Tiketi ikisema Jumamosi 00:20, mama anatoka Limuru Ijumaa jioni. Nimeona familia zikifika Embakasi usiku unaofuata na masanduku yamefungwa kamba vizuri, ndege ikiwa imeondoka zamani. Safari ya masafa kama haya mfikishe saa tatu kabla, na kutoka Limuru Ijumaa jioni usiiamini Waiyaki Way. Upande wa pili, dada yako asimtarajie mlangoni saa moja asubuhi kwa sababu tiketi imesema 06:55. Hapo ndipo ndege inaegeshwa. Uhamiaji na mizigo bado, kwa hiyo aje saa mbili unusu, na mama awe na namba ya simu yake kwenye karatasi mfukoni, si kwenye simu pekee.